KAZI YA MIKONO: Mfereji wa puli na uzima wa mtu aliye chini

Mwezi huu tunaongea juu ya mfereji. Hatusemi ule wa maji ya mvua. Tunasema ule mfereji unaozunguka puli, fasi kamba ya chuma inapita. Mama, usifunge ukurasa huu ukifikiri ni mambo ya mafundi tu. Kama unavuta maji kwenye kisima chenye puli, au kama mtoto wako anapandisha ndoo za udongo kutoka shimoni, mambo haya yanakugusa kuliko fundi mwenyewe.

Vijana wengi waliojifunza mekanike wanauliza swali moja: turu ndogo ya kompyuta, ile wanaita CNC, inaweza kukereza mviringo kwa kisu cha mfereji? Jibu ni ndiyo. Lakini kuko jambo moja ambalo kompyuta haijui kama wewe hukuiambia, na jambo hilo njo linaharibu puli nyingi. Tutalifikia pole pole.

Mviringo si urembo

Sisi wa Kamina tunaishi na reli. Njia ya kutoka Bukama kwenda Ilebo ilimalizika mwaka 1928, na ile ya Kamina kwenda Kabalo ilifunguliwa mwaka 1956. Siku moja, wagoni ikiwa imesimama, angalia gurudumu lake vizuri. Fasi inayokanyaga reli si bapa. Imeinama kidogo, karibu 1 kwa 20, juu magurudumu mawili yajirudishe yenyewe katikati ya reli zenye upana wa milimeta 1067. Na kati ya fasi hiyo na ukingo wa gurudumu kuko kona ya mviringo. Kona hiyo ikilika na kubadilika sura, gurudumu linaweza kupanda reli na wagoni inaanguka. Kwa hiyo magurudumu yanarudishwa kwenye mashini na kukerezwa upya, ili yapate tena sura yake. Hakuna anayefanya hivyo juu ya uzuri. Sura ile njo inashika treni.

Puli nayo ni hivyo hivyo. Kamba ya chuma si kitu kimoja. Ni nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, na kila uzi unabeba sehemu yake ya mzigo. Mfereji ukiwa mwembamba kuliko kamba, unaibana pande mbili na kuisaga. Mfereji ukiwa mpana sana au bapa, kamba inalala kama nyoka aliyekanyagwa: inakuwa bapa, nyuzi za chini zinabeba kuliko zingine, zinachoka, zinakatika moja moja. Wewe wa juu huoni kitu. Siku kamba inakatika kabisa, watu wanasema kamba ilikuwa mbaya. Mara nyingi kamba ilikuwa nzuri, puli njo iliiua.

Kanuni ni hii: nusu kipenyo cha mfereji kiwe kati ya 0,53 na 0,55 ya kipenyo cha kamba. Yaani mfereji uzidi kamba kidogo tu, ili uishike kwa chini kama kiganja cha mkono kinavyoshika yai, bila kuliminya na bila kuliacha litembee.

Hesabu ya puli yetu

Tuchukue kamba ya milimeta 8. Tunachagua nusu kipenyo cha mfereji 4,3. Kina cha mfereji kiwe mara moja na nusu ya kamba, ni 12. Kipenyo cha puli chini ya mfereji kiwe mara 20 ya kamba, ni 160, kwa sababu puli ndogo inapinda kamba sana na kuichosha upesi. Kwa hiyo kipenyo cha nje ni 160 na 12 na 12, jumla 184. Pima turu yako kwanza, uone kama inaweza kuishika.

Mfereji una tumbo na kuta. Tumbo ni upinde wa 4,3. Kuta zinafunguka kwenda juu, kila moja imelala digri 22 na nusu. Ukichora kwenye karatasi ya miraba utaona kwamba upinde unaungana na ukuta kwenye urefu wa 2,65 kutoka chini, na mdomo wa mfereji juu una upana wa 15,7. Ukipatia puli unene wa 22, kila upande unabaki na mdomo wa milimeta 3. Inatosha.

Chora kwanza, ndugu. Mchoro wa kalamu unakula dakika 20. Puli iliyoharibika inakula chuma, plakete na siku nzima.

Jambo ambalo kompyuta haijui

Sasa tufike kwenye kisu. Kisu cha mfereji cha kawaida ni kama patasi nyembamba. Tuseme upana wake ni milimeta 3. Kina pembe mbili, ya kushoto na ya kulia, na chini ni bapa. Lakini kompyuta haioni kisu. Inaona nukta moja tu, ile uliyoigusisha kwenye chuma wakati wa kupima. Kama ulipima kwa pembe ya kushoto, basi kwake kisu chote ni pembe ya kushoto. Ile milimeta 3 ya upande wa kulia inatembea ndani ya chuma bila kuulizwa.

Ukikereza kitu kilichovimba, kama kichwa cha mpini, kisu hiki kinafaa sana. Mteremko wa kushoto unaufuata kwa pembe moja, mteremko wa kulia kwa pembe nyingine, na katika programu unaongeza au unapunguza ile 3 unapobadilisha pembe. Hapo ndipo uzuri wake: kisu kimoja kinakereza pande mbili bila kufungua chochote.

Lakini tumbo la puli halikuvimba, limebonyea. Fikiri vizuri hapa. Kisu bapa cha 3 kikiwa katikati kabisa, kila pembe iko mbali na katikati kwa 1,5. Kwenye 1,5 upinde wetu umekwisha kupanda 0,27. Kwa hiyo kisu lazima kisimame 0,27 juu ya chini halisi. Ukikilazimisha kushuka hadi mwisho, pembe zake zinachimba mifereji midogo miwili kwenye tumbo, na chini panabaki bapa. Kwa jicho hutaona. Kamba itaona.

Kwa hiyo shika neno hili: kisu bapa ni cha kufungua njia, kisu chenye pua ya duara njo cha kumaliza. Kisu cha duara chenye upana wa 3 kina nusu kipenyo cha 1,5, na kinaingia vizuri katika upinde wa 4,3.

Na hapa kuko mtego wa pili. Kama umepima kisu cha duara kwa katikati ya duara lake, usiiambie mashini ifuate upinde wa 4,3. Ifuate 4,3 kutoa 1,5, ni 2,8. Ukisahau kutoa, chuma kitakatwa kwa 4,3 na 1,5 pamoja, ni 5,8. Puli itakuwa ya kamba ya milimeta 11 wakati wewe una kamba ya 8. Itang'aa, itapendeza, mwenye kuinunua atashukuru, na itaharibu kamba yake. Mashini nyingi zina namna ya kufanya hesabu hiyo zenyewe kama umeandika ukubwa wa pua ya kisu na upande wake. Itumie ukiijua. Kama hujaijua, toa kwa mkono, ni hesabu ya darasa la tatu.

Hizi hesabu za nukta si mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John Parsons wa Marekani alikuwa anatengeneza mabawa ya helikopta, yenye mviringo mgumu kuchora. Yeye na wenzake walihesabu nukta nyingi juu ya mviringo huo ili fundi apeleke kisu nukta kwa nukta. Kutoka wazo hilo, chuo cha MIT kilionyesha watu mwaka 1952 mashini ya kwanza iliyoongozwa na tarakimu. Unaona? CNC ilizaliwa kutoka kwa mtu aliyekubali kuhesabu. Asiyetaka kuhesabu, mashini haitamsaidia.

Tuanze kazi

Kwanza, toboa na kukereza tundu la katikati, na bila kufungua chuma kwenye mandrini, kereza na mfereji. Ukifungua na kushika tena, mfereji na tundu havitakuwa na katikati moja, na puli itacheza kama gurudumu la kinga lililopinda.

Pili, kisu kiwe sawasawa na urefu wa katikati ya mashini. Kisitoke nje ya kishikio kuliko inavyohitajika. Mfereji ni 12, basi 14 inatosha. Kisu chembamba kilichotolewa sana kinatetemeka, na mashini inalia kama mbuzi.

Tatu, mwendo. Kwa plakete na chuma laini, chukua meta 80 kwa dakika. Kwa kipenyo cha 184 hiyo ni karibu mizunguko 138 kwa dakika. Wengi wanashangaa ni pole pole namna hiyo. Angalia pia kwamba mota ya turu ndogo inakosa nguvu ikizunguka pole. Kama kuko mkanda wa kubadilisha, uweke kwenye nguvu, usitegemee kitufe cha mwendo peke yake. Kisu kishuke 0,05 kwa kila mzunguko.

Nne, kisu bapa kifungue njia kwa kuzamisha, si kwa kusukuma kando. Kisu hiki kina nguvu kikishuka, hakina nguvu kikisukumwa ubavuni. Zamisha katikati, simama 0,6 juu ya chini halisi: ni ile 0,27 na nyama kidogo ya kumalizia. Rudi juu, sogea 2,5 kando, zamisha tena. Sasa pembe ya nje njo inaamua kina: iko 4 kutoka katikati, na hapo ukuta umepanda 2,7, basi simama kwenye 3,2. Fanya vile vile upande mwingine, endelea kutoka nje. Kila milimeta 2 ya kushuka, inua kisu kidogo ili takataka za chuma zitoke, na weka mafuta. Takataka zikijaa mfereji, kisu kinavunjika.

Kumbuka kwamba turu nyingi zinasoma X kwa kipenyo, si kwa nusu. Kusimama 0,6 juu ya chini maana yake X ni 160 na 1,2, yaani 161,2. Na katika gazeti hili tunaandika koma kama tulivyofundishwa shuleni, lakini mashini inataka nukta: 161.2. Koma moja inaweza kusimamisha programu au kuipoteza.

Tano, weka kisu cha duara na umalize. Anza juu ya ukuta wa kushoto, shuka hadi katikati ya tumbo, inua. Kisha anza juu ya ukuta wa kulia, shuka hadi katikati. Usishuke upande mmoja na kupanda upande mwingine kwa mara moja, maana kisu kikipanda ukuta kinavutwa na kutetemeka. Pale katikati, pande mbili zikikutana, ukiona ngazi ndogo, jua skru ya mashini yako ina mchezo. Upime mchezo huo kwa saa ya kupimia na uuandike katika mashini. Upinde unaandikwa kwa G02 au G03 kufuatana na upande. Ukikosea, upinde unageuka na kisu kinaingia ndani ya chuma. Kwa hiyo endesha programu kwanza hewani, kisu kikiwa mbali, halafu kwenye kipande cha mti mgumu. Mti unasamehe, chuma hakisamehe.

Na umeme ukikatika kisu kikiwa ndani ya mfereji? Usiwashe tu na kuendelea. Rudisha kisu nyuma kwa mkono, polepole, kwa skru ya X. Umeme ukirudi, peleka mashini kwenye fasi yake ya mwanzo, gusa chuma upya, anza programu tangu mwanzo. Utapoteza dakika kumi za kukata hewa. Ni rahisi kuliko kupoteza plakete na puli pamoja.

Kupima bila vyombo vya bei

Sasa puli imekwisha. Iko nzuri? Usijibu kwa jicho. Chukua meshi mbili za kutobolea, ya 8,5 na ya 9, utumie ule upande laini usio na makali. Paka upande huo masizi ya mshumaa. Laza meshi ya 8,5 ndani ya mfereji, isukume kidogo, kisha itoe. Masizi yanapaswa kubaki chini ya tumbo. Fanya vile vile na ya 9: hii haipaswi kufika chini. Itagusa kuta mbili na kuacha nafasi katikati. Kama ya 9 inakaa chini kabisa, mfereji ni mpana, umekosea. Kama ya 8,5 haifiki chini, mfereji ni mwembamba, rudia kumaliza.

Pima pia puli za zamani, za kisima cha parokia, za jirani. Angalia kama kamba imeacha alama zake ndani ya mfereji, kama meno ya tupa. Puli ya namna hiyo itakata kamba mpya kama tupa. Wengi wanakosa pesa wakinunua kamba mpya kila mara, na hawagusi puli. Puli yenye alama ikerezwe upya kama unene unaruhusu. Kama chini yake pamebaki chuma chembamba, iache, uyeyushe.

Neno kwa fundi, na kwa mnunuzi

Tuseme wazi: puli tunayofundisha hapa ni ya ndoo ya maji au ya udongo. Si ya kupandisha watu. Mtu asipande wala kushuka juu ya kamba ya ndoo, hata kama ni mara moja tu, hata kama ni karibu. Kazi ya kubeba watu inataka mashini nyingine, breki nyingine, na mtu wa kuikagua kila siku. Na ndoo ikipanda, aliye chini asisimame chini yake. Mwenye shimo, hilo ni jukumu lako mbele ya Mungu na mbele ya mama wa huyo kijana.

Mnunuzi, ukienda kununua puli, usiulize bei tu. Uliza ni ya kamba gani. Fundi akijibu "ya kamba yote", asante, endelea na safari yako. Puli haiwezi kuwa ya kamba yote, sawa vile kiatu kimoja hakiwezi kuvaliwa na baba na mtoto. Fundi mwema anaandika ubavuni kwa kalamu ya chuma: 8. Ni tarakimu moja tu, lakini ndani yake kuko ahadi.

Katika kitabu cha Kutoka tunasoma juu ya Bezaleli, fundi aliyejazwa Roho wa Mungu ili ajue kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Wapenzi, Roho hakumpa maneno ya kuhubiri. Alimpa mikono yenye akili. Kijana wa Kamina anayekaa mbele ya turu yake na kutoa 1,5 katika 4,3 kwa uangalifu, wakati hakuna bosi anayemwangalia, anafanya kazi takatifu pia. Mtu aliye chini ya shimo hatamjua jina. Atapanda tu jioni, ataoga, atakula bukari na watoto wake.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kunoa meshi kwa mkono. Leteni maswali yenu kwa katekista wa mtaa wenu, mwandike vizuri ukubwa wa kamba na puli. Mungu awabariki katika nyumba zenu na katika kazi zenu.